Bangili ya Mume Wangu Mlimani Ntambi

Huku kwetu kwenye zabibu, ukitimiza miaka sabini lazima upande Mlima Ntambi kwa baiskeli kila msimu wa mavuno. Ukifika kileleni, bangili ya kupimia moyo uliyovishwa mkononi inalia, nawe unabaki kwako mwaka mwingine. Usipofika, unahamishiwa Nyumba ya Mapumziko mjini, peke yako, hata kama una mwenzi.

Mwaka huu kifua cha mume wangu Chilongani kinapiga miluzi kama birika. Asubuhi ya zamu yake nilimvua bangili nikaivaa mimi.

"Mama Mbeho, hiyo ni dhambi," akasema.

"Dhambi ni kuwapelekea watu wa mjini mkoromo wako. Nishikie baiskeli nipande."

Nilikanyaga pedali katikati ya mizabibu, na penye mawe nikashuka nikasukuma, nikiutukana mlima kwa heshima zote. Kileleni bangili ikalia, sauti ikasema, "Hongera, Mzee Chilongani. Moyo wako ni imara."

Nilirudi nikichechemea. Nikamkuta ameandaa beseni la maji ya moto, akaanza kunikanda miguu. Nilipomwigizia ile sauti tulicheka mpaka akakohoa.

"Na wewe zamu yako lini?" akauliza.

"Kesho."

Mikono yake ikatulia majini. Akaongeza maji ya moto, akaanza kunikanda upya kutoka vidoleni, kana kwamba mlima unaweza kutolewa miguuni kabla ya kupambazuka.