Kidoa cha Dafina

Picha ya Dafina ilitakiwa kwa mchapaji kabla ya saa sita mchana, na mwanamke kitini hakutulia.

"Koti linanibana kwapani, Stamen."

"Litakubana dakika tano. Funga kifungo cha juu."

"Miaka yote hii dude lako halijanipiga hata picha moja. Mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji amepigwa, mimi bado!"

"Mbuzi alitulia."

Mwanamke akacheka. Stamen hakucheka. Tangu theluji ya mwisho hakuwa amecheka wala kulia. Mikono ilifanya kazi, yeye akaifuata nyuma.

Kamera ilikuwa ile ile nzito ya filamu, ya kutazamwa kwa kuinamia kioo kilicho juu yake, kioo kinachogeuza kulia kuwa kushoto. Kwa miaka thelathini na nane Dafina alikaa kwenye kiti hiki apimiwe mwanga kabla mteja hajaingia. Stamen aliutazama uso wake kiooni mara elfu, bila kubonyeza. Filamu ni ya wateja. Dafina mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Mara moja tu, kiangazi kilichopita, alimpiga filamu nzima, picha kumi na mbili uani chini ya mzabibu. Kisha akakichomoa kisanduku cha filamu nyuma ya kamera bila kutia kwanza bamba la kuzuia mwanga. Jua likazila zote kumi na mbili.

Picha ya harusi ilikuwapo, ila humo Dafina ana miaka kumi na tisa. Ya kitambulisho waliichukua wakubwa wa manispaa, pamoja na kitambulisho chenyewe. Stamen alipokwenda kuomba nakala, bibi wa dirishani alimwambia picha ni mali ya serikali. Wakubwa wale wale waliofunga hospitali ya wilaya katikati ya theluji. Uso wa mtu ni wa serikali. Ugonjwa ndio wake mwenyewe.

Ndiyo maana leo nyuma ya kamera kulikuwa na kisanduku cha kidijitali, alichoazimwa na Ognyan, mpiga picha za harusi wa mjini. Hakina filamu wala bamba. Picha inatokea papo hapo kwenye skrini ndogo.

"Mzee wangu," Ognyan alimwambia, "hiki hata ukitaka kukiunguza, hakiungui."

Stamen akainama kiooni, akapanga. Mkono ukaenda kutafuta bamba, haukulikuta, ukarudi. Akabonyeza.

Kwenye skrini akaliona koti la Dafina, ukosi wake wa bluu, nywele za mvi zilizobanwa nyuma. Kitu kilipungua. Akachukua penseli ya nyusi mezani, akamtia mwanamke kidoa cheusi shavuni, pale pale jicho lake lilipozoea kukiona kiooni.

"Hapo?" mwanamke akauliza.

"Nakijua kuliko ninavyoijua njia ya kwetu."

"Haya, fundi. Mimi sina kioo, naweza kubisha nini?"

Safari hii hakuinama tena. Kamera ilikuwa imekwisha pangwa. Akabonyeza, akatazama skrini. Ndiyo. Hivyo ndivyo alivyomwona siku zote. Akangoja moyo umwambie neno. Haukumwambia.

"Nifungue kifungo sasa?"

"Fungua."

Saa tisa alasiri walikuwa langoni. Mwanamke alishika kopo la gundi. Stamen akaibandika karatasi iliyotoka kwa mchapaji, akaipapasa kwa kiganja mpaka ikalala vizuri. Ndani ya fremu nyeusi, chini ya uso, maandishi yalisomeka: *Siku arobaini bila Dafina Koleva.*

Mwanamke akautazama uso ule kwa muda mrefu, akapiga ishara ya msalaba.

"Shemeji," akasema polepole, "kidoa cha pacha wangu kilikuwa shavu la kulia."