Uji wa Mpiga Kura

Msimu wa uchaguzi, kila mgombea huvaa kikuku kinachorekodi na kutangaza gharama zake za kampeni. Nyamizi, aliyegombea udiwani, alimpelekea mama yake mgonjwa bakuli la uji.

"Mpokeaji ni mpiga kura," kikuku kikasema. "Taja sababu: mkutano au ushawishi."

"Huyu ni mama yangu!"

"Sababu hiyo haipo. Usipotaja, utaenguliwa."

Nyamizi akageukia ukutani. "Ushawishi," akanong'ona.

Mama akanywa kidogo, akasita. "Na zile dawa za juzi, mwanangu, ulikiambia kikuku ni za nini?"

"Nilisema nakupenda, mama."

"Ushawishi," kikuku kikasahihisha.

Mama akaweka bakuli chini. "Basi kura yangu utaipata," akasema, akajifunika khanga hadi usoni.