Barua ya Kumi na Moja

Barua ya kumi na moja aliiandika chooni, mlango kautia komeo, maana mkewe alishaapa kwamba akiitia machoni tu ataipeleka kwa Mkubwa yeye mwenyewe, na kandambili zake miguuni.

"Unaandika barua au kitabu?" mkewe aligonga.

"Natia sahihi."

"Barua kumi za kuacha kazi, baba watoto! Kumi! Huyo bwana ana moyo au ana tofali?"

"Ananing'ang'ania. Nifanyeje?"

Ofisini walimwita Mzee Faili. Miaka ishirini na sita ya kuvuta vumbi la makaratasi, mpaka kamasi zake zikageuka rangi ya bahasha. Lakini ungemtazama miguuni! Viatu vyake alivishona mwenyewe, na mshono haujawahi kuachia hata uzi mmoja. Mpe ngozi na sindano, anasahau kula. Mpe faili, anasinzia mpaka udenda unalowesha meza.

Safari hii hapakuwa na mchezo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi viatu na macho yalikuwa yanamwishia. Alitaka kumwachia kibanda, cherehani ya ngozi na kalibu zote za mbao. Sharti lilikuwa moja: aje akiwa ameshaaga ofisini, si kuchungulia na kukimbia. Mwisho ni leo, saa kumi jioni. Ikipita hapo, ufunguo unakwenda kwa fundi mwingine, ambaye alishakuja mara mbili kupima upana wa mlango.

Saa tatu asubuhi barua ikafika masijala. Ofisi ile haina njia ya mkato: barua yoyote hupigwa mhuri, huandikwa kwenye rejista, ndipo iingie kwa Mkubwa. Ikapigwa mhuri. Ikaandikwa.

Saa sita Mkubwa akapita kwenye korido, akasimama, akainua mguu mmoja kama jogoo.

"Mzee Faili, hivi viatu ulivyonishonea, nikitembea najiona niko mawinguni! Sijui mikono kama hiyo inafanya nini humu ndani." Akacheka. "Haya, kuna lolote la kuniambia, mzee wangu?"

"Hakuna, Mkubwa."

Mkubwa akaushusha mguu, akaenda zake.

Saa nane simu ikalia.

"Shemeji, nimeshakufutia meza. Amejibu?"

"Bado."

"Nije mimi nikaongee naye? Kiume tu, dakika mbili."

"Usije!" Alipaza sauti mpaka muuza chai akageuka. "Utaharibu, shemeji. Mwache."

Kwenye simu fundi akashusha pumzi. "Mimi macho yameisha, lakini mshale wa saa bado nauona."

Saa tisa na nusu. Mlango wa Mkubwa ulikuwa wazi, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti cha Mzee Faili; alishazihesabu siku nyingi. Ndani Mkubwa alikuwa akipiga mluzi. Mzee Faili akasimama, akafunga vifungo vya koti. Akakaa. Akasimama tena, akavifungua.

Saa ya ukutani ikagonga kumi.

Akampigia mkewe.

"Mama watoto, amekataa tena."

Ikaja sauti ya mkewe, nyembamba kama ya mtu aliyeamka kwenye homa: "Na kaka ameshatoa ufunguo. Amenipigia sasa hivi." Akapenga kamasi. "Mungu anamwona huyo bwana, mume wangu. Anamwona."

"Anamwona," akajibu, akakata simu.

Masijala ile ilikuwa na karani mmoja tu. Mzee Faili alivua ufunguo shingoni, akafungua droo yake ya chini, akailaza barua ya kumi na moja juu ya zile kumi, mhuri juu ya mhuri.