Bomba Halirudi Kawangware

"Fungueni hiyo kamba ya bomba!" Nderitu aliwaamuru wasukuma mkokoteni wake wawili. Hakuna aliyesogea, maana Wangila alikuwa amesimama mbele ya bomba, spana mkononi.

Bomba lenyewe lilikuwa la chuma, refu kumpita mtu, limeelekezwa mbinguni kama mzinga wa jeshi. Chini yake kilikaa kioo ambacho Wangila alikisugua kwa mchanga mwaka mzima na ushei, akikipima kwa vidole, mtaa wote wa Kambi Muru ukimcheka. Bomba na kioo alivitoa Nderitu, mwenye ploti za kupangisha kule Kawangware, siku Wangila, fundi wa kuchomelea, alipojigamba mbele ya watu kwamba ataunda darubini. Wakapatana: ikionyesha ile galaksi ya kitabuni, mji wa nyota uliolala ubavu kama sahani iliyoinuliwa usawa wa jicho, vyote ni vya Wangila. Isipoonyesha, bomba linarudi Kawangware kukinga maji ya mvua.

Sasa ilikuwa Desemba ya themanini na moja, giza limeingia, na Nderitu ameshachungulia mara tatu.

"Hakuna kitu humu."

"Iko. Mimi naiona."

"Unaona! Angalia mimi nikiongea na wewe!"

Wangila hakumwangalia. Uso aliutupa kule kwenye ukuta wa jirani. Hilo lilimchoma Nderitu kuliko bomba. Hata mpangaji mwenye kiburi, ukimjia na kufuli, hukutazama machoni. Huyu fundi, kila wakikutana, ni kumwekea shavu tu.

Nekoye, mkewe Wangila, alikuwa kando, mtoto mgongoni, kitabu kwapani. Ndiye aliyemsomea mumewe pa kuitafuta.

"Jaribu tena, mzee. Ama unaogopa utaiona?"

Wasukuma mkokoteni wakacheka. Nderitu akainama.

"Sasa usiiangalie," Wangila akasema.

"Nini?"

"Ukiikodolea inajificha. Kuna nyota hapo ukingoni, kushoto. Angalia hiyo. Hii nyingine iache ije yenyewe."

"Wewe unanichezea."

"Sikuchezei. Na bomba halitoki hapa, hata ulete mikokoteni kumi."

Nderitu akaikazia ile nyota kwa hasira. Akangoja. Kisha, pembeni mwa jicho, giza likapauka. Mstari mrefu, mwembamba, umechongoka huku na huku, umevimba kidogo katikati. Akaurukia kwa jicho, ukapotea. Akarudi kwenye nyota, ukarudi.

Angeweza kusema haoni. Mdomo ukamtangulia.

"Ngai! Iko!"

Wasukuma mkokoteni wakaanza kusukumana wenyewe, kila mmoja akitaka zamu. Wangila akaweka spana chini.

Nderitu alinyoosha mgongo, akajifuta jicho. Bomba lilikuwa limeshakuwa la Wangila, na hakulijali tena.

"Lakini kutazama namna hii, kandokando, nani alikufundisha?"

Nekoye akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Ni jua, mzee. Lilipopatwa mwaka jana, alilikodolea macho hadi mwisho, likamwunguza katikati ya jicho. Huyu mtoto ana miezi mitano. Baba yake akitaka kumwona uso, lazima aangalie sikio."