Bi Mwanakombo Hupakuliwa Kwanza

Siku hizi kila aliye chini ya miaka sitini ana pete ya umio. Hukaa pale umio unapokutana na tumbo, ikiusaidia ule msuli unaofunguka chakula kishuke, kisha ukajifunga asidi isipande. Kiungulia kimebaki hadithi. Ila pete haichagui: kilichoshuka hakirudi, hata kiwe sumu. Watu hawatapiki tena.

Bi Mwanakombo alinyimwa pete kwa sababu ya moyo wake. Mwanzoni alifurahi kuona mkwewe, Salha, bado anashika adabu ya kumpakulia mkubwa kwanza. Baadaye akagundua kwamba wengine hawagusi chakula mpaka nusu saa ipite, na kwamba muda wote huo wanamtazama koo.

Leo ni uyoga wa nazi. Wajukuu wawili wamekaa mkekani, wameshanawa mikono. Bi Mwanakombo alikuwa amekula matonge matatu kitu kikali kilipompanda kifuani hadi kooni. Akakimeza.

"Vipi, mama?" Salha aliuliza, upawa mkononi.

Bi Mwanakombo aliutazama uyoga uliobaki sahanini. Kiungulia anacho miaka arobaini, na uyoga wa aina hii hajawahi kuula. Sumu nayo, wanasema, huanza hivihivi.

"Bibi, tule?" aliuliza Nasra, mjukuu mdogo. "Njaa inauma."

"Bado, mwanangu."

Akaisogeza sahani yake mbele ya Salha.

"Niongeze," akasema. "Sijapata hakika."

Salha akapakua, akaujaza upawa, bila kumtazama usoni.