Bega la Mwalimu Kalama

"Mkono wa Mwalimu umefika wapi leo?" Joy aliuliza hata kabla mamake hajavua viatu.

"Umefika sikioni," Dama alijibu, na moyo wake ukajaa. Ni watoto wangapi wa Majengo wanaomjali mwalimu wao hivyo? Tangu bega la Mwalimu Kalama likaze, miezi mitatu sasa, Joy hakukosa kuuliza hata siku moja, na katika sala zake za jioni bega lile lilitajwa kabla ya chakula.

Kazi ya Dama ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa katika kliniki moja karibu na Feri. Alikuwa na vidole vya chuma, na majivuno yake pia hayakuwa haba. Bega lile alilikuta kama bawaba yenye kutu. Alilikanda, akalivuta, akalizungusha, Mwalimu akiuma meno. Kisha akampa fimbo ya mpera ya kufanyia mazoezi nyumbani: aishike kwa mikono miwili, aiinue juu ya kichwa, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Isije ikamchubua viganja, aliizungushia kipande cha leso yake kuukuu, nyekundu yenye maua meupe.

"Fanya hima, Bi Dama," Mwalimu alimsihi. "Shule zafunguliwa Jumatatu. Bila mkono huu darasa langu laanguka mtihani."

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Ubao utauandika mpaka juu."

Ijumaa mkono ulipanda wima, ukashuka bila maumivu. Mwalimu aliupandisha na kuushusha tena na tena, kwa nguvu, huku akicheka. Dama nusura alie kwa furaha, na habari ile akaikimbiza nyumbani.

"Amepona kabisa," alimwambia Joy. "Si nilikwambia Mungu anakusikia?"

Joy aliacha chakula chake, akaenda kulala. Dama aliona ni furaha imemzidi.

Jumatatu jioni Joy aliingia ndani akakataa kuketi. Alivua sketi ya shule. Chini yake palikuwa na kaptura, akaivua, akavua ya pili, akavua na ya tatu polepole kwa sababu ilikuwa imegandamana na ngozi.

"Hazikunisaidia, mama," alisema. "Mwalimu ana fimbo mpya. Imefungwa leso yako."