Kabati Limevaa

Mwimbaji wa taarabu alirudia kibwagizo: "Kabati limevaa, mwenyewe yu uchi!" Ukumbi wa harusi ukajaa vigelegele.

Mwanahawa akainuka na noti mkononi. Kwao, mwanamke akienda kumtunza mwimbaji huku akimkazia mtu macho, wimbo ni wa huyo aliyekaziwa. Yeye alimkazia Riziki, jirani yake aliyeleta makochi mapya juzi.

Riziki hakununa. Alimfuata akicheza, akamgusa bega.

"Shoga, umesahau kuibandua," akamnong'oneza, akimwekea kiganjani karatasi ya bei ya dukani iliyokuwa bado imeganda kwenye kanga ya Mwanahawa.

Mwanahawa akahisi uso unawaka moto. Alilikumbuka kabati la nyumbani, lililofungwa kamba kwa sababu milango haifungiki tena kwa kujaa, na doti za kanga mle ndani ambazo hazijawahi hata kukatwa. Asubuhi alimwambia mwanawe avumilie viatu vilivyotoboka, mama hana hela.

"Mwenyewe yu uchi!" Mwimbaji akanyoosha mkono apokee.

Mwanahawa alisimama mbele yake, noti mkono huu, karatasi mkono huu, na ukumbi mzima ukimsubiri.